Vita Vinapopitia Nairobi

Februari 18, 2025, wajumbe wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan tangu 2023, na washirika wao walikusanyika katika jumba la KICC, katikati ya Nairobi, wakijiandaa kuunda serikali pinzani dhidi ya ile ya jeshi la Sudan. Siku mbili baadaye Sudan ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Usiku wa Februari 22 mkataba wa kuunda serikali hiyo ukatiwa saini, hapa hapa jijini, ila safari hii milango ilikuwa imefungwa. Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alikuwa ameshalitetea jambo hilo: Kenya inawapa Wasudan mahali pa kuzungumza, haiegemei upande wowote.

Wakenya walikasirika, na walikasirika kwa namna tuliyoizoea: mtandaoni kwanza, kwa kejeli na hashtegi. Kisha likaja swali ambalo limekuwa likirudi kila mji wa Darfur, magharibi mwa Sudan, unapoanguka. Mbona hatuandamani? Jiji lililofurika barabarani mwaka 2024 limepatwa na nini? Al-Fashir ilipoingia mikononi mwa RSF Oktoba 26, 2025, baada ya kuzingirwa kwa takriban mwaka mmoja na nusu, swali lilirudi kwa ukali zaidi, na safari hii lilikuja na lawama: kwamba tuna machozi ya bei ya unga tu, ya jirani hatuna.

Lawama hiyo naielewa, lakini swali lenyewe naona linatupeleka kando. Kabla ya kuuliza kwa nini hatuandamani, tuulize tunaandamana mbele ya nani. Maandamano hufanya kazi pale anayeandamaniwa anapohitaji kitu kutoka kwako: kura yako, kodi yako, kazi ya mikono yako, au angalau sifa yako nzuri. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, hagombei kiti chochote hapa. Mohamed Hamdan Dagalo, kiongozi wa RSF tunayemwita Hemedti, hana eneo bunge. Wanachohitaji wao ni dhahabu, silaha, ndege, kutambuliwa, na mahali salama pa kukutania na kuweka mali. Ukipita na bango Moi Avenue hujawagusa.

Lakini baadhi ya vitu wanavyohitaji wapiganaji wa ukanda huu hupitia Nairobi. Hapo ndipo tuna mkono, na mkono huo unataka kazi ya aina nyingine, yenye makaratasi mengi na picha chache.

Yafaa kwanza tukumbuke Juni 2024 ilifanya kazi vipi, maana tumeanza kuisimulia vibaya. Tunaikumbuka Juni 25, Bunge likivamiwa na risasi zikilia, na kesho yake Rais William Ruto akitangaza kwamba hatautia saini Mswada wa Fedha uliotaka kupandisha kodi. Tunasahau wiki zilizotangulia. Vijana walikuwa wameusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi ambazo hata shangazi wa kijijini alizielewa. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, na simu hizo zikajaa ujumbe hadi wenyewe wakalalamika hadharani. Majina ya waliopiga kura ya ndio yalizunguka kabla moshi wa vitoa machozi haujatulia.

Yaani barabara ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kumjua mwenye kalamu, kujua anaogopa nini, na kujua siku atakayoishika kalamu hiyo. Rais alikuwa anautazama uchaguzi wa 2027. Mbunge alitaka kurudi kijijini Desemba bila kuzomewa. Walikuwa na sababu ya kusikiliza, na hata hivyo gharama ilikuwa ya kutisha: kufikia Julai 1, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Anayewaambia vijana warudi barabarani kwa ajili ya vita vya jenerali asiyewahitaji awaambie pia hesabu hiyo.

Jiji hili limewahi kukabili chaguo kama hili, tena vita vikiwa ndani yake lenyewe.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Juni mwaka uliofuata chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kikapigwa marufuku. Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, askari wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakaupekua mtaa kwa mtaa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori kwenda kambi za kizuizini za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Kuandamana Nairobi mwezi wa Mei 1954 kungekuwa kujipeleka Manyani kwa miguu yako.

Mtu aliyebaki nje ya seng'enge alikuwa na msitu, au kimya, au kutafuta ufa ndani ya sheria ya mkoloni mwenyewe. Tom Mboya, kijana wa miaka 23 aliyekuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya katika baraza la jiji, alitafuta ufa. Siasa ya Mwafrika ilikuwa imefungiwa mlango, lakini vyama vya wafanyakazi vilikuwa halali, na Uingereza isingeweza kuvifunga vyote bila kuulizwa maswali na vyama vya wafanyakazi vya kwao. Mwaka 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Kutoka ofisi hiyo ndogo ziliondoka barua kwenda London kwa TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza, na kwenda kwa shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi: juu ya viongozi wa vyama waliozuiliwa bila mashtaka, juu ya familia zilizofukuzwa mjini, juu ya mishahara isiyoweza kulisha mke na watoto. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, ni yeye aliyeingia kati, na nyongeza ikapatikana. Serikali ilipotaka kulifuta shirikisho mwaka 1956, zile barua zikazaa matunda: TUC ikaingilia, shirikisho likapona.

Wakati huo huo Chiedo Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, alikuwa anawatetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa katika miaka ile, kwa hiyo kila kesi aliyoishika ilikuwa na kamba mwisho wake. Hakuna aliyempiga picha akiwa amekunja ngumi. Alikuwa anauliza maswali kwa Kiingereza cha mahakama, akitafuta shahidi aliyejikanganya.

Wawili hawa walipambana wao kwa wao Machi 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Mboya akashinda Nairobi. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kuaibisha. Mwenye elimu au mali aliweza kupewa hadi kura tatu, na Mkikuyu hakuruhusiwa kupiga hata moja bila cheti cha kuonyesha kwamba ni mtiifu kwa serikali. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Kwa kipimo cha usafi wa moyo, jibu lilikuwa kuususia.

Waliingia. Na walipoingia hawakukubali kila kitu: walikataa nafasi ya uwaziri waliyotengewa, wakadai viti zaidi kwanza. Vikaongezwa sita mwaka 1958. Juni mwaka huo, Oginga Odinga alisimama ndani ya Baraza hilo hilo lenye harufu ya aibu akasema kwamba Kenyatta na waliofungwa naye bado ni viongozi wa watu. Maneno hayo yakisemwa uwanjani Kaloleni, msemaji angelala korokoroni. Yakisemwa pale, yaliandikwa katika kumbukumbu rasmi za Baraza na yakasomwa London. Mwaka uliofuata walinzi wa kambi ya Hola waliwapiga wafungwa 11 hadi wakafa, na maafisa wakajaribu kusingizia maji ya kunywa, lakini uongo huo haukudumu. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa na mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, yakaanza.

Kila Sikukuu ya Mashujaa hufufuka mabishano: uhuru uliletwa na msitu au na suti? Yananichosha. Bila msitu London isingekuwa na haraka, na bila wale wa viti vinane haraka hiyo isingepata mtu wa kukabidhiwa chochote. Ninachokitafuta kwenye historia ile ni kitu kidogo zaidi na cha manufaa zaidi: watu wasiokuwa na bunduki, na wasiokubali kunyamaza, Jumatatu asubuhi walifanya nini? Walikwenda pale ambapo adui yao alikuwa amejifunga kwa kanuni zake mwenyewe, wakazivuta kanuni hizo. Na walikuwa na mstari wasiouvuka. Uwaziri ule uliokataliwa ndio unaotenganisha siasa ya vitendo na tamaa iliyovaa jina hilo.

Sasa turudi Sudan, maana Wasudan wenyewe wameshalijibu swali hili, na wamelijibu wakiwa na haki ya kulijibu kuliko sisi.

Hakuna watu katika bara hili walioandamana kuwazidi. Aprili 2019 walikaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum mpaka Omar al-Bashir akaanguka baada ya miaka 30. Juni 3 mwaka huo mkao wao ulivunjwa kwa risasi na zaidi ya watu 100 wakafa. Jeshi lilipopindua serikali ya mpito Oktoba 25, 2021, kamati za mitaa, zile zilizokuwa zinapanga njia za maandamano na kubeba majeruhi, zilirudi barabarani wiki baada ya wiki. Kisha Aprili 15, 2023, Burhan na Hemedti, walioipindua serikali pamoja, wakageuziana bunduki. Barabara zikawa za vifaru.

Kamati zile hazikuendelea kuandamana. Ndani ya siku chache zilikuwa zimegeuka vyumba vya dharura: mtaa mmoja unaendesha jiko, mwingine unatafuta petroli ya jenereta ya hospitali, mwingine unaongoza familia zinazotoka mjini zipite njia isiyo na vizuizi. Walikuwa na desturi ya kushikilia, nafir, ambayo Mkenya angeitambua mara moja kama harambee, na walikuwa na orodha za watu na uaminifu uliojengwa wakati wa maandamano. Misaada ya Marekani iliposimamishwa mapema 2025, majiko kwa mamia yalifungwa. Mengine yakaendelea kwa pesa za jamaa walio nje, Nairobi ikiwemo. Mwaka huo vyumba hivyo vilipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Utasikia mtu akisema hiyo ni sadaka tu, si siasa. Hebu aulize kwa nini pande zote mbili za vita zimewakamata wapishi hao. Anayeamua nani atakula leo katika mtaa uliokimbiwa na serikali anafanya kazi ya serikali, na mwenye bunduki analijua hilo kabla yako. Ikiwa siku moja Sudan itapata utawala wa raia, utaanzia kwa watu waliojifunza kugawa sufuria moja ya dengu kwa watu wengi bila kuuliza kabila. Mimi naiona hiyo kuwa siasa kuliko azimio lolote lililosomwa KICC.

Hata hapa Kenya tuna mfano wa karibu, ingawa hatuufundishi vya kutosha. Wajir mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa katika vita vya koo. Wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianza na soko: wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kununua na kuuza bila kufukuzwa, wakaweka watu wa kufuatilia. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kwa vijana, kwa wafanyabiashara, na mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah. Sehemu ninayoipenda ni ya baadaye, na ni kavu sana: walihakikisha kamati yao ya amani inaingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya. Amani ikapata meza, mwenyekiti na kumbukumbu za kikao. Dekha naye alipewa Right Livelihood, mwaka 2007.

Basi Nairobi ya leo ina meza gani?

Anza na ile iliyo mbele ya macho. KICC ni shirika la umma. Nani aliukodi ukumbi ule, alilipa kiasi gani, na nani serikalini aliidhinisha? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ikikataa, kuna rufaa kwa Ofisi ya Ombudsman, na baada ya hapo mahakama. Barua ya namna hiyo ni ukurasa mmoja. Inaweza kuandikwa na mwanafunzi wa sheria wa Parklands kwa jioni moja, na hata ikijibiwa kwa kukataliwa, kukataliwa huko kunakuwa na saini ya mtu. Serikali inaweza kungoja hashtegi ipite. Barua yenye tarehe haipiti.

Au tazama mkataba wa biashara ambao Kenya iliutia saini na Falme za Kiarabu huko Abu Dhabi Januari 14, 2025, mwezi mmoja na siku chache kabla ya mkutano wa KICC. Falme hizo zinatuhumiwa kuipelekea RSF silaha, tuhuma ambazo jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema zina uzito, zenyewe zinakanusha. Sudan ilipozishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kesi ilitupwa Mei 5, 2025 kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza, kwa hiyo ukweli wenyewe haukupimwa. Lakini Nairobi haihitaji The Hague ili iulize. Sheria yetu ya mikataba ya mwaka 2012 inataka mkataba wa namna hii upite Bungeni, na inaitaka kamati inayoushughulikia iwashirikishe wananchi. Ni wangapi kati yetu waliopaza sauti juu ya Darfur wamewahi kupeleka hata aya moja kwa kamati, wakisema biashara sawa, lakini na dhahabu ya vita tutaifanyaje?

Kuna suala la nyumba. Septemba 2016 shirika la The Sentry lilichapisha ripoti iliyoeleza kwamba familia za wakubwa wa pande zote mbili za vita vya Sudan Kusini zilikuwa na majumba Lavington, wakati raia wao wakiwa na njaa. Lavington. Unaweza kupita hapo kwa matatu. Wakala wa nyumba nchini Kenya, kwa sheria yetu ya kuzuia utakatishaji wa fedha, anatakiwa kumjua mteja wake na kuripoti pesa zinazotia shaka. Na Februari 2024 nchi iliwekwa na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, kwenye orodha ya zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa mambo hayo hayo. Yaani kwa mara moja serikali yenyewe ina sababu ya kutaka kuonekana inafanya kazi. Nafasi kama hiyo haiji kila mwaka. Waandishi, wahasibu, hata makarani wa masjala ya ardhi wana la kufanya hapo kuliko umati wowote.

Na kuna ushahidi. Oktoba 6, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Ali Kushayb, kamanda wa wanamgambo wa Janjaweed, kwa makosa 27 yaliyotendwa Darfur mwaka 2003 na 2004. Zaidi ya miaka 20. Kesi hiyo ilisimama kwa sababu watu waliotoroka walikaa na mtu wakasimulia, na mtu huyo akaandika tarehe, jina la kijiji, rangi ya gari. Sisi wenyewe tunajua faida yake: wazee wa Mau Mau waliofungua kesi London walilipwa mwaka 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, baada ya hati zilizofichwa na serikali ya kikoloni kuibuka na kukubaliana na simulizi zao. Leo watu waliotoka Al-Junaina na Al-Fashir wapo Nairobi, wamepanga vyumba Kilimani na kwingineko. Wengi wanahitaji mkalimani, wakili, na mtu anayejua foleni za ofisi ya wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Karatasi ya kumwezesha ndiyo inayochelewa. Wakili anayetoa alasiri zake za Ijumaa kwa ajili ya karatasi hizo hatapata wafuasi wapya mtandaoni, na atakuwa amefanya zaidi ya sisi waandishi wa makala.

Nisije nikauza njia hii kama isiyo na hasara. Serikali ilipotaka kupeleka polisi Haiti, Ekuru Aukot na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 26, 2024 wakashinda. Machi 1 serikali ikatia saini makubaliano na Haiti kuziba pengo lililotajwa na jaji, na polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince Juni 25, siku ile ile Bunge letu lilipovamiwa. Kesi ilishinda na ndege ikaondoka. Hata hivyo miezi ile haikuwa ya bure: kwa sababu ya kesi, makubaliano yalilazimika kuwepo kwenye karatasi, na karatasi inaweza kushtakiwa tena.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine, na mtu wa Nairobi anaijua vizuri. Siasa ya vitendo katika jiji hili ina kawaida ya kuishia kwenye warsha. Mtu anaanza na hasira ya kweli, anaandikisha shirika, anapata mfadhili, na miaka miwili baadaye yuko Naivasha na kamba ya kitambulisho shingoni, akijaza fomu ya marupurupu na kujadili uwezeshaji wa wadau. (Naivasha, tuikumbuke kwa haki, ndiko yalikopikwa makubaliano ya Sudan yaliyotiwa saini Nairobi Januari 9, 2005, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Hoteli zile zimewahi kufanya kazi.) Ndiyo maana namrudia Mboya na wenzake na ule uwaziri waliokataa. Mwenye kuchagua meza badala ya barabara aseme mapema ni kitu gani kikitolewa juu ya meza hiyo ataondoka. Asiposema, watu wa barabarani wana haki ya kumshuku.

Wala sisemi barabara ifungwe. Kifungu cha 37 cha Katiba kinataja kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka katika sentensi moja, na waliokiandika hawakuona ugomvi kati ya vitu hivyo. Zipo saa za mabango hata wakati wa vita. Februari 18 ilikuwa saa hiyo: watu mia mbili mbele ya lango la KICC wangemwaibisha mwenyeji, na mwenyeji ni serikali yetu, anayetuhitaji. Saa hiyo tuliiacha ipite tukiwa kwenye simu. Kuandamana leo kwa ajili ya tendo la siku ile ni kama kukimbiza basi lililokwisha kufika Kisumu, ila bado kuna ofisi iliyouza tiketi, na ofisi hiyo iko hapa.

Machi 2025 Sudan ililipiza kwa kupiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo, na Sudan imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai inayopita mnada wa Mombasa. Mkulima wa Kericho, wa Nyamira, wa Murang'a, hakuulizwa kama RSF wapewe ukumbi, na akalipishwa. Yeye ana kitu ambacho Msudan wa Kilimani hana: mbunge. Wabunge wa maeneo ya chai ni wengi kuliko wabunge wanaoweza kuionyesha Al-Fashir kwenye ramani, na Kifungu cha 119 kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi Bungeni. Ningependa kuliona ombi moja lenye saini za wachuma chai na saini za madaktari waliokimbia Khartoum, likiiuliza Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni ukumbi ule ulitolewa kwa idhini ya nani. Na ningependa kuwepo siku mbunge wa Bomet atakaposimama kulizungumzia.